Karl Weule: Msomi Aliyekuja Masasi na Newala Kuuliza

Kila mwanachuo wa ualimu huambiwa, kabla ya kupelekwa katika mazoezi ya kufundisha, kwamba hana budi kuyachunguza mazingira ya shule atakayopangiwa: watu wake, kazi zao, lugha zao, na mambo ambayo watoto hujifunza nyumbani kabla hawajashika kalamu. Agizo hilo ni rahisi kulitamka, lakini ni gumu kulitekeleza. Mgeni huuliza asichojua kukiuliza, na mwenyeji hujibu kile anachodhani kwamba mgeni anataka kukisikia. Kwa hiyo nimeona yafaa kueleza maisha ya mtu mmoja ambaye kazi yake yote ilikuwa kuwachunguza watu wa mataifa mbalimbali na kulinganisha mila zao, na ambaye katika mwaka 1906 alikaa miezi kadhaa Masasi, Chingulungulu, Newala na Mahuta. Mtu huyo ni Karl Weule. Wasomi wa historia ya kusini mwa Tanzania wanamfahamu vizuri. Walimu wa shule za msingi za huko huko, nadhani, wengi wao hawajapata kulisikia jina lake.

Simleti hapa kama shujaa. Alikuja akiwa chini ya bendera ya serikali iliyokuwa imetoka tu kuwapiga vita wenyeji wa nchi, na fikra zake juu ya Waafrika zilikuwa fikra za wakati wake, nyingine zikiwa za kuudhi. Hata hivyo alijaribu mambo fulani ambayo mwalimu anaweza kujifunza kwayo, na alikosea katika mambo fulani ambayo mwalimu anaweza kujifunza kwayo zaidi.

Weule alizaliwa Ujerumani tarehe 29 Februari 1864, katika kijiji cha Alt-Wallmoden, karibu na mji wa Goslar. (Mtu aliyezaliwa siku hiyo huisubiri siku yake ya kuzaliwa miaka minne, na yeye mara moja aliisubiri minane, kwa kuwa mwaka 1900 haukuwa mwaka mrefu. Jambo hili dogo linafaa sana kwa somo la kalenda.) Alisoma jiografia katika vyuo vikuu vya Göttingen na Leipzig, na mwaka 1891 akapata shahada ya udaktari. Kisha akaenda Berlin kuendelea na masomo chini ya mwanajiografia Ferdinand von Richthofen, na kwa miaka kadhaa akafanya kazi katika jumba la makumbusho la mataifa la mji huo. Mwaka 1899 alirudi Leipzig, akawa msaidizi katika jumba la makumbusho na mwalimu katika chuo kikuu.

Yafaa tuutazame kidogo mji huo wa Leipzig, kwa sababu katika miaka ile elimu ya kulinganisha tamaduni za wanadamu ilikuwa imepamba moto pale kuliko katika miji mingi ya Ulaya. Friedrich Ratzel, aliyefundisha jiografia, alikuwa amelinganisha pinde za sehemu mbalimbali za Afrika ili kujua jinsi watu na maarifa yao walivyohama kutoka mahali hadi mahali. Wilhelm Wundt, aliyeanzisha huko maabara ya saikolojia mwaka 1879, alikuwa akiandika vitabu vikubwa juu ya lugha, visasili na desturi za mataifa. Karl Bücher, mwalimu wa uchumi, alikuwa amelinganisha nyimbo za kazi za watu wengi, akidai kwamba mwendo wa kazi na mwendo wa wimbo vina asili moja. Karl Lamprecht, mwalimu wa historia, alikuwa akikusanya michoro ya watoto kutoka nchi nyingi ili kuona kama akili ya mtoto hukua kwa hatua zile zile kila mahali. Msomi kijana aliyeingia katika masomo ya juu mahali kama hapo hakuweza kutosheka na kujua jambo la taifa moja tu. Alifundishwa kuuliza mara moja: je, watu wengine hulifanyaje jambo hili hili?

Weule naye alifuata njia hiyo. Tasnifu aliyoitoa mwaka 1899 ilihusu mishale ya Afrika. Aliipima, akaichora, akaipanga kwa aina, akalinganisha vyembe, manyoya na namna za kufungia, kisha akaeleza mishale ya aina fulani hupatikana wapi na kwa nini. Ilikuwa kazi ya bidii na ya uangalifu. Lakini aliifanya katika makabati ya Ujerumani, bila kumwona hata mwindaji mmoja wa Kiafrika akivuta upinde. Alikuwa na umri wa miaka 35. Ikapita miaka saba mingine kabla hajaikanyaga Afrika.

Safari yenyewe haikuwa iwe ya kusini. Tume ya serikali ya Ujerumani iliyoshughulikia uchunguzi wa makoloni ilikusudia kumpeleka katika nchi za kaskazini, upande wa Irangi. Alipofika Dar es Salaam katikati ya mwaka 1906 akakuta kwamba huko kuna machafuko na njia si salama. Akashauriwa kwenda Lindi. Hivyo watu wa Masasi na Newala waliingia katika vitabu vya Leipzig kwa sababu ya ghasia za watu wengine waliokuwa mbali nao.

Kusini kwenyewe kulikuwa na majeraha. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeanza Julai 1905 katika milima ya Matumbi, vikaenea upesi hadi bonde la Lukuledi. Misheni ya Wabenediktini ya Nyangao iliteketezwa mwaka huo huo, na misheni ya Waanglikana ya Masasi pia, ile iliyoanzishwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Serikali ya Kijerumani ilijibu kwa kuchoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Hesabu ya Wajerumani ilitaja watu 75,000 waliokufa. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa, aliyewahoji wazee miaka ya 1960, aliona kwamba waliokufa walikuwa kati ya 250,000 na 300,000. Katika mji wa Lindi Weule aliwaona wafungwa wakiwa katika minyororo. Alipotoka Lindi mwezi wa Julai 1906, alifuatana na wapagazi, mkuu wa wilaya na askari wenye bunduki.

Mwanachuo afikiri juu ya hali hiyo. Msomi anafika katika kijiji ambacho mwaka jana kilikuwa vitani, au jirani ya vita. Nyuma yake wamesimama askari. Anafungua daftari, anauliza: mnawazikaje wafu wenu? Mnawafundisha nini vijana wenu jandoni? Mzee atajibu nini? Atatoa lile lisilo na madhara na kulificha lile lenye thamani, na hatakuwa mwongo kwa kufanya hivyo, bali mwangalifu. Weule aliyaandika majibu yote kwa makini, na mara chache sana alijiuliza ni hofu kiasi gani iliyokuwa ndani yake.

Masasi aliikuta chini ya milima yake ya mawe, mahali ambapo Wayao, Wamakua, Wamwera na Wamakonde wamekaa jirani kwa jirani kwa vizazi kadhaa. Kwa mtu wa kulinganisha hapakuwa na mahali bora zaidi, maana katika mwendo wa siku moja aliweza kuona nyumba, vyungu na ngoma za makabila manne. Lakini muda wake mrefu wa kwanza aliutumia Chingulungulu, kwa Matola, mkuu wa Wayao. Huko alisaidiwa na Mnorwe aitwaye Nils Knudsen, aliyekuwa amekaa miaka mingi na wenyeji na kuifahamu lugha yao. Bila Knudsen, Weule angerudi Ulaya na masanduku ya vyombo na maelezo machache sana.

Kila siku aliwaketisha wazee barazani na kuwauliza. Swali lilitoka kwake, likapita kwa mkalimani, likafika kwa wazee, na jibu likarudi kwa njia ile ile. Weule aliona kwamba baada ya muda mfupi wazee walichoka, majibu yakawa ya mkato, na akili zao zikaanza kutangatanga. Aliandika kwamba Mwafrika hawezi kukaza fikra kwa muda mrefu. Hapa mwalimu hana budi kutabasamu kwa uchungu kidogo. Wazee wale wale waliweza kusikiliza shauri la mahari au la mpaka wa shamba tangu asubuhi hadi jua kutua bila kupoteza neno. Kilichowachosha kilikuwa somo lenyewe: maswali yasiyo na mfuatano wanaouelewa, yaliyoulizwa na mtu ambaye hakueleza anataka nini, juu ya mambo ambayo wao hawakuona haja ya kuyasema. Mara ngapi sisi tumetoka darasani tukilalamika kwamba watoto wa Darasa la Tatu hawasikilizi?

Mambo yalikwenda vizuri zaidi alipoacha kuuliza na kuanza kutazama. Alisikiliza nyimbo za wapagazi na za watu waliokuwa kazini, akakumbuka aliyoyaandika Bücher. Alikuwa amechukua mashine ya kunasa sauti katika mirija ya nta, na kamera ya sinema iliyokuwa bado kitu kipya hata Ulaya. Alinasa nyimbo, akapiga picha za ngoma. Nta haipendi joto la nchi yetu, na filamu haipendi vumbi, hivyo kazi nyingine iliharibika. Zile zilizosalia ni miongoni mwa picha za sinema na sauti za kwanza kabisa zilizochukuliwa katika Afrika Mashariki kwa ajili ya elimu ya mila.

Tena akafanya jambo moja ambalo kwangu mimi ni zuri kuliko yote. Aliwapa watu karatasi na penseli, akawaacha wachore. Wengi wao walikuwa watu wazima, wapagazi wake na watu wa vijijini, ambao hawakuwa wamepata kushika penseli. Hakuwawekea kielelezo cha kunakili. Wakachora meli waliyoiona pwani, wanyama, Wazungu safarini, ngoma. Michoro hiyo aliihifadhi, akaandika ni nani aliyechora na alikusudia nini, kisha akaichapisha katika kitabu chake. Ukiitazama unamwona mchoraji akiamua lipi ni kubwa na lipi ni dogo katika maisha yake, kwa kuwa hakuna mwalimu aliyemwambia. Walimu wetu wengi wa sanaa huanza kwa kuchora chungu ubaoni na kuwaambia watoto wakiige. Mwisho wa kipindi wana vyungu 45 vinavyofanana, na hawajui lolote juu ya mtoto hata mmoja.

Mwezi wa Septemba alipanda kwenda Newala. Anayepafahamu mahali hapo anajua kwa nini mgeni hapasahau: mji uko kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, na chini yake linaonekana bonde la Ruvuma hadi ng'ambo, Msumbiji. Jioni upepo huvuma kwa baridi. Weule alilalamika sana juu ya upepo huo. Alistaajabia pia kwamba Wamakonde waliishi juu ya uwanda usio na mto wala chemchemi, na kwamba wanawake walishuka mwendo mrefu mabondeni kuchota maji na kupanda tena na mitungi kichwani. Aliuliza kwa nini, na akasimuliwa kisa cha asili ya kabila. Mtu wa kwanza, aliyekaa peke yake porini, alichonga sanamu ya mti, na sanamu ikageuka kuwa mwanamke. Walipokaa karibu na mto mtoto wao alikufa; walipohama na kukaa juu kidogo, akafa wa pili; walipofika juu kabisa uwandani, wa tatu akaishi. Mtu anayeijua malaria ya mabondeni hatakidharau kisa hicho. Na mtu anayejua sifa ya wachongaji wa Kimakonde ulimwenguni leo atakisikiliza mara mbili.

Kutoka kwa Wamakonde alipata pia jambo ambalo ningependa kila mwanachuo alichukue kwenda nalo kwenye mazoezi. Ni habari ya kamba yenye mafundo. Mtu anayesafiri humpa mkewe kamba yenye mafundo 11 na kumweleza kila fundo. La kwanza ni leo, siku ya kuondoka. La pili, la tatu na la nne yuko njiani. Katika fundo la tano atafika aendako. La sita atakaa huko. La saba ataanza kurudi. Mke afungue fundo moja kila siku bila kusahau. Akifikia la kumi apike chakula, kwa maana la 11 ndiyo siku ya mume kuingia nyumbani.

Tazama hesabu iliyomo. Siku tano za kwenda, siku moja ya kukaa, siku tano za kurudi: jumla 11. Kamba ni kalenda, ni barua, na ni somo la kutoa, kwa kuwa kila fundo likifunguliwa linaonyesha siku zilizobaki. Haihitaji fedha za kununulia zana. Mwalimu wa Darasa la Pili anaweza kuwapa watoto vipande vya kamba ya katani na kuwaambia watunge safari zao wenyewe: kwenda Masasi kwa shangazi, kukaa siku tatu, kurudi. Kisha wabadilishane kamba, na kila mtoto asome safari ya mwenzake. Atakayefunga mafundo machache atajua kosa lake pale msafiri wake atakapokosa siku ya kurudi, na hatahitaji alama ya mkasi katika daftari ili kulitambua.

Weule aliilinganisha kamba hiyo na njia za kukumbuka za mataifa mengine, vijiti vya kukata alama vya Ulaya, na mafundo ya Wainka wa Peru. Mwaka 1915 alichapisha kitabu kizima juu ya safari ya wanadamu kutoka kijiti chenye alama hadi alfabeti. Hapa elimu ya kulinganisha ilifanya kazi yake njema. Jambo la nyumba moja ya Kimakonde liliwekwa mezani pamoja na mambo ya dola kubwa, na halikuonekana dogo.

Lakini kulikuwa na upande mwingine. Alikusanya vyombo vingi sana: vinyago vya kuvaa usoni katika ngoma, ndonya za midomo, vyungu, silaha, vijaluba vya mti. Vingine alivinunua, na bei ilikuwa ile inayokubaliwa na mtu anayeuza mbele ya askari baada ya mwaka wa njaa. Alitafuta pia siri za unyago na za jando, akaziandika na kuzichapisha kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuwa na haki nazo kwa mila ya wenyewe. Baadaye, Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi kati ya 1926 na 1944, aliyakabili mambo hayo hayo kwa namna nyingine kabisa: aliishi na watu miaka mingi na kuanzisha jando la Kikristo pamoja na wazee na mapadri wa Kiafrika. Mtu anaweza kubishana na Lucas pia, lakini hakuja kwa msimu mmoja.

Mwishoni mwa 1906 Weule alishuka Mahuta, akafika Lindi, akapanda meli. Mwaka 1907 akawa mkurugenzi wa jumba la makumbusho la Leipzig. Mwaka 1908 alitoa vitabu viwili juu ya safari yake, kimoja cha wasomi na kimoja cha wasomaji wa kawaida. Hicho cha pili kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1909 na Alice Werner, mwanamke aliyekuja kuwa mwalimu mashuhuri wa Kiswahili na lugha nyingine za Kibantu katika Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1910 Weule akachapisha kitabu ambacho jina lake, kwa Kiswahili, ni Utamaduni wa Wasio na Utamaduni. Jina hilo linajipinga lenyewe. Linaonyesha mtu aliyekwisha kuona kwa macho yake kwamba hakuna wasio na utamaduni, lakini ambaye hakuwa tayari kuliacha neno alilolirithi.

Miaka iliyobaki aliitumia kufundisha. Mwaka 1914 taasisi ya utafiti wa elimu ya mataifa ilifunguliwa Leipzig chini ya uongozi wake, na wanafunzi wa masomo ya juu wakaja kuandika tasnifu zao kwa kutumia vitu alivyovileta yeye na wenzake. Ujerumani ilishindwa katika vita vya 1914 hadi 1918 na kuyapoteza makoloni yake. Weule hakurudi tena kusini mwa nchi yetu. Alifariki Leipzig tarehe 19 Aprili 1926.

Tarehe 4 Desemba 1943 mabomu yaliuangukia mji huo, na jumba la makumbusho likaungua pamoja na sehemu ya mikusanyo yake. Vyombo vilivyookoka bado viko Leipzig.

Wakati Weule alipokuwa akiandika juu ya Wayao, Myao mmoja, padri Yohana Abdallah, alikuwa akiwaandikia watu wake historia yao kwa lugha yao wenyewe. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1919. Abdallah hakuhitaji mkalimani, na wazee wake hawakuchoka barazani. Mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wa Dar es Salaam walitumwa vijijini, wengine katika wilaya zao za kuzaliwa, kuwahoji wazee juu ya Maji Maji. Walikwenda kwa majina ya baba zao, bila askari, na waliambiwa mambo ambayo hayamo katika daftari lolote la 1906.

Mwanachuo atakayepangiwa shule Newala mwaka huu atakuta uwanda ule ule na upepo ule ule wa jioni. Aulize kwanza nani katika kijiji anajua kufunga kamba ya safari, na aketi chini afundishwe kabla ya kufungua daftari.